Kiti cha Baba Kilichonifuata London

Siku za kazi nilikuwa naogesha wazee wa Kiingereza huko Edmonton, na Jumapili watu wa kwetu walikuwa wakinipigia magoti katika ukumbi wa kukodi, Thornton Heath. Nilifanya hivyo kwa miaka kama kumi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza nikitoka pale ninarudi nyumbani kwa nani.

Baba yangu alikuwa mtemi. Serikali ilifuta utemi baada ya uhuru, kabla sijazaliwa, ila watu wa kwetu hawakuufuta. Mvua ikichelewa walimjia baba. Ndugu wakigombea shamba walimjia baba. Mimi nilikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na tangu navaa kaptula nilijua kwamba kiti chake ni changu. Nilijua pia kwamba siku ya kutawazwa lazima mke awe ameketi ubavuni, maana kwetu mwanamume asiye na mke hakabidhiwi ngoma.

Nilikuja London mwanzoni mwa miaka ya tisini kusoma. Masomo yalinishinda mwaka wa pili, nikaingia kwenye kazi ya kutunza wazee, na kinyume na nilivyotarajia nikaipenda. Siku moja wakala wa kazi alinipeleka kwa mzee mmoja wa Queensbury aliyekuwa amekalia miwani yake ikavunjika. Nikamkokota hadi duka la miwani lililokuwa jirani. Kila hatua mbili alisimama kunilaumu, na tulipoingia dukani nilinung'unika kwa Kiswahili, nikijua hakuna wa kunielewa:

"Mzee huyu atanitoa roho."

Mwenye duka, Mhindi wa rika langu, alijibu bila kuinua kichwa: "Usife humu, bwana. Nimepiga deki sasa hivi."

Alizaliwa Tabora. Baba yake aliuza vitambaa karibu na soko, wakahama yeye akiwa na miaka kumi. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka kumi aliyekua nacho vilevile, kimejaa matusi madogo ya uwanja wa shule na majina ya peremende ambazo hazitengenezwi tena. Nilirudi kuchukua miwani ya mzee. Nikarudi tena, safari hii bila mzee. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamia kwenye flati yangu Edmonton.

Yeye aliwaambia watu wake. Kaka yake hakumsemesha mwaka mzima, mama yake alilia, kisha siku moja akaanza kutuletea chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya alumini. Mimi sikumwambia mtu. Kila Jumapili nilipiga pasi shati jeupe nikaenda Thornton Heath kufungua harusi, kuongoza matanga, kusuluhisha mume na mke wanaogombana. Mwanzoni alinitania, "Mtukufu, umesahau soksi." Baadaye aliacha kutania. Akawa ananiangalia tu nikifunga vifungo.

Baba alifariki miaka miwili mitatu baada ya kuingia karne mpya. Nilikwenda kumzika. Wazee waliniambia wananipa mwaka mmoja nimalize mambo yangu, nirudi nioe, nitawazwe. Nikawaitikia, nikapanda ndege. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Kila simu kutoka nyumbani nilisema kazi imebana. Mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa akiwapokea watu pale uani kwa baba, na mimi nilijiona mwizi: nimekimbia mzigo, nimemtwisha yeye.

Mwaka wa tatu baba mdogo akaja London mwenyewe. Watu wa Thornton Heath walimwalika, lakini akasema atafikia kwa mwanawe. Siku moja kabla hajafika, mwenzangu alipakia nguo zake kwenye mifuko miwili aende kwa mama yake.

"Mara ngapi tena?" aliniuliza.

"Mara hii tu."

"Ulisema hivyo alipokuja binamu yako." Hakupaza sauti. Alibeba na mswaki wake, na hilo liliniuma kuliko maneno, kwa sababu safari za nyuma aliuacha.

Baba mdogo alikuja na picha ya binti waliyenichagulia, muuguzi, uso mtulivu. Alipotaka kunieleza ukoo wake aliisogeza picha mpaka puani. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, wa pili ulikuwa uzi.

"Baba mdogo, hii miwani haikufai."

"Basi nipeleke nikapate nyingine. Si uko Ulaya?"

Edmonton kulikuwa na maduka ya miwani. Nilimpeleka Queensbury. Mpaka leo siwezi kusema niliamua. Nadhani nilikuwa nimechoka tu.

Mwenzangu alipomwona alijua. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akampima macho taratibu. Baba mdogo aliposikia kile Kiswahili aliacha kusoma herufi ukutani.

"Kijana, hicho Kiswahili umekitoa wapi?"

"Tabora, mzee. Pale sokoni."

Walimaliza nusu saa wakizungumzia mashine ya kusaga iliyokuwa ikipiga kelele mtaani, na mwalimu mmoja mkali ambaye wote wawili walimwogopa, kila mmoja kwa wakati wake. Sikuwa nimemwona baba mdogo akicheka hivyo tangu msiba.

Ndani ya basi, tukirudi, alisema, "Yule Mhindi ni mtu. Mmejuana vipi?"

"Ninaishi naye."

"Amepanga kwako?"

"Hapana, baba mdogo." Basi lilikuwa limejaa, na hakuna hata mmoja aliyejua tunasema nini. "Ndiye mwenzangu. Miaka tisa sasa. Sitaoa yule binti, wala mwingine."

Alitazama dirishani. "Nyamaza," alisema. "Usiniongezee."

Tulipofika alikusanya vitu vyake bila kunywa hata maji, akapiga simu akachukuliwa na mtu wa kwetu wa Thornton Heath. Siku nne sikusikia kitu. Nilikwenda kazini, nikawalisha wazee, nikisubiri simu ya kuambiwa kwamba ukumbi mzima unajua. Simu ilikuja siku ya tano.

"Miwani yangu iko tayari?"

Tulikutana dukani, mchana wa kawaida. Mwenzangu alimvalisha miwani, akaikaza kidogo nyuma ya sikio. Baba mdogo alimtazama yeye muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Sijakubali," alisema. "Msije mkadhani nimekubali."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Lakini sitamtoa binti wa watu kwao aje kuwa mjane na mumewe yu hai. Hilo siwezi. Kwa hiyo kiti utakiacha. Ukiulizwa, utasema kazi na maisha ya huku. Hayo mengine ni yangu na yako." Akavuta pumzi. "Sasa nani atakalia?"

Nikamtaja mdogo wangu.

"Mwanamke?"

"Nyanya yenu alikalia. Mlituhadithia wenyewe."

Alikuna kidevu. "Mpigie. Lakini nitasikia kwa kinywa chake, si chako."

Nikampigia kwa simu ya duka. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nikaanza: najua nimekutwisha mzigo, najua una kazi yako na watoto wako, najua sistahili kukuomba. Alinikatiza.

"Kaka, unaniomba radhi kwa lipi? Miaka mitatu naamua kesi zao. Nikishaamua wananiambia, vizuri, sasa tumsubiri mwenyewe. Umenikalia kiti, kaka! Na wala hukikalii!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nakunyang'anya. Na wewe mbona hukuniambia?"

Nilimpa baba mdogo simu nikaenda kusimama nyuma ya pazia la chumba cha kupimia macho, nikacheka, na machozi yalikuwa yakitoka. Miaka yote niliamini ninachagua kati ya watu wangu na mtu wangu. Kumbe watu wangu walikuwa na mtu wao tayari, na aliyewazuia nilikuwa mimi.

Nilikwenda kwenye kutawazwa kwake. Wazee wawili walisusa, wakarudi jioni waliposikia ngoma. Mimi ndiye niliyepiga magoti wa kwanza mbele yake, na akaniacha chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nilimjua, alikuwa anajizuia kucheka. Baba mdogo hakunisemesha sana siku ile. Hajawahi kukanyaga tena kwangu Edmonton. Ila kila anapotokea msafiri, hutuma salamu kwa "yule bwana wa Tabora", na mwenzangu huzirudisha kwa heshima zote.

Niliporudi, mifuko miwili ilikuwa imeshafika kabla yangu. Wiki ile ile tuliandika majina yote mawili kwenye kengele ya mlango. Sheria ilipokuja kubadilika tulikwenda kufunga ndoa ofisi ya kaunsili asubuhi ya Jumanne, mashahidi wakiwa mama yake na mfanyakazi mmoja wa shifti yangu, na mchana nikaingia kazini kama kawaida.

Mdogo wangu hupiga simu Jumamosi. Mara ya kwanza alinieleza kesi ya kisima, koo mbili, mpaka uliosogezwa, na mimi nikaanza kumpa hukumu yangu.

"Sikuombi uamuzi, kaka," alisema. "Nimeshaamua. Nakusimulia tu."

Nikavuta kiti, nikaketi, nikamwambia aendelee.