Inspekta na Vazi la Kubana

Fundi mwenzangu hamwamini mtu, na hilo simsengenyi. Nimeshamwambia usoni mara nyingi, naye hujibu kuwa ndivyo alivyo na hana mpango wa kubadilika. Miaka kumi na mmoja tumekaa chumba kimoja cha kushonea, cherehani yake dirishani, yangu karibu na mlango, mimi nikitia vifungo na pindo, na sijapata kumwona akipokea kitambaa bila kukinusa, kukivuta na kukitazama kwenye mwanga kama noti ya bandia. Wateja wanamwita Inspekta. Wanadhani hajui.

Jina hilo alilipata kwa namna anavyopima. Mtu akija kupimwa nguo, cha kwanza anavuta pumzi na kuficha tumbo. Mafundi wengine huandika huo uongo kwenye daftari, kisha nguo ikibana wanalaumiwa wao. Inspekta hana haraka. Anazungusha utepe kiunoni, anatulia, halafu anauliza kwa upole, "Watoto hawajambo?" Mteja akifungua kinywa kujibu, tumbo linarudi mahali pake, na Inspekta anasoma namba. Nimeona mabibi harusi, nimeona hata mkuu wa shule, wote wamenaswa.

Kwa hiyo mdogo wake alipoanza kukwepa kupimwa, mimi nilijua balaa iko njiani. Huyo mdogo wake ni karani wa mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, mtu wa maneno machache na sauti ndogo. Zamani alikuwa mnene kweli kweli. Akapungua kwa kutembea na kujinyima, miaka mitatu bila kuchoka, mafuta yakaondoka, ngozi ikabaki. Chini ya mikono ilining'inia kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na tumboni ilijikunja hadi kwenye kinena. Wakati wa joto ilimchubua, akawa anatembea na pakiti ya poda kwenye mkoba. Nguo zake zote alishonewa na dada yake, zote za mikono mirefu, na kila msimu mpya walipima upya. Sasa kila akiitwa anasema, "Ngoja kidogo dada, bado nitapungua."

"Mwezi wa pili huu hataki utepe," Inspekta aliniambia. "Kuna kitu."

Wiki ya kwanza kitu chenyewe kilikuwa mimba. Wiki ya pili kikawa mwanaume, tena wa mtu. Ya tatu kikawa ugonjwa, na hapo nilimwona akishona mshono mmoja mara mbili. Mwishowe alimkalia kooni mdogo wake mpaka akasema. Alikuwa amepata daktari wa kumkata ile ngozi ya ziada, mikononi na tumboni, na tarehe ilikuwa imeshapangwa.

"Ukatwe kwa hiari yako? Hujaumwa, hujagongwa na gari?"

"Naumwa, dada. Wewe huoni kwa sababu nimeifunika, na wewe ndiye umenisaidia kuifunika."

Hata hivyo Inspekta hakuacha. Alikwenda naye kliniki. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, kucha fupi, anaongea taratibu. Hilo la kuongea taratibu Inspekta hakulipenda hata kidogo. Alimuuliza nani atakata na nani atashona, kama ni huyo huyo au anamwachia mwingine, uzi ni wa aina gani, na kwenye kitambaa cha mtu anaacha nafasi kiasi gani ya kukutanisha kingo. Daktari alijibu yote bila kununa. Akamsimamisha mgonjwa mbele ya kioo, akamchora kwa kalamu ili amwonyeshe mikato itakapopita: tumboni chini kabisa, mahali pa kufichwa na chupi, na mkononi upande wa ndani.

"Anachora mtu akiwa amesimama," Inspekta aliniambia aliporudi. "Hilo analijua, maana akilala nyama zinahama." Akatunga uzi kwenye sindano. "Lakini anacheka sana."

Upasuaji ukapita salama. Siku ya nne mdogo mtu akaletwa nyumbani kwa dada yake, mtaa wa nyuma ya chumba chetu cha kazi, amejikunja kama mzee, amefungwa kuanzia viwikoni hadi mapajani. Kliniki walimpa mavazi mawili ya kubana, ya mpira laini, yenye zipu mbele, moja la kuvaa na moja la kubadilisha. Alitakiwa akae nayo usiku na mchana ili uvimbe ushuke na ngozi ishikamane na mwili.

Asubuhi yake Inspekta aliingia kazini na lile la akiba, akalibwaga mezani kwangu.

"Tazama. Mishono yote iko nje."

Nikatazama. Kweli, kingo zilikuwa nje nje, nene, zinaonekana kila mahali, na upande wa ndani ulikuwa laini kabisa.

"Hawa hata nguo hawajui kushona," alisema, "halafu tunawapa mtu wamshone."

Mimi nilicheka. Naandika hili kwa aibu, lakini nilicheka, kwa sababu kwetu sisi mshono ukiwa nje, nguo imegeuzwa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Inspekta aliligeuza lile vazi, akafumua zipu na kuitia upya ifunguke vizuri upande wa pili, na kazi ilikuwa safi kama zake zote. Nyuzi nilizikata mimi. Mchana alimvalisha mgonjwa, akaondoka na lile la kwanza, nalo akalirekebisha vilevile. Jioni ile alikuwa na furaha ya mtu aliyefumania.

Baada ya siku tatu mkono wa kushoto ukaanza. Mdogo mtu alisema unawaka. Inspekta akasema wamesahau pamba ndani. Akafungua daftari jipya, akawa anapima mkono ule asubuhi na jioni juu ya vazi, anaandika tarehe, saa na namba, na kila namba ilipopanda alinionyesha akigonga kwa kidole. "Huu ni ushahidi," alisema. Mdogo wake alipoulizwa kama anataka kurudi kliniki, alijibu tu, "Utakavyo, dada." Nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta ameegemeza mkono kwenye mto, jasho linamtoka puani, anatazama ukuta. Aliniuliza kama dada yake yuko jikoni. Nikasema yuko. Akaacha alichotaka kusema.

Siku ya sita tangu vazi ligeuzwe, Inspekta akaamua wakati wa kurudi kliniki umefika, akamchukua mdogo wake, na mimi kuwa shahidi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, ya kuanzia na ya kumalizia. Tulipoingia alimwekea daktari daftari mezani, limefunguliwa.

"Soma mwenyewe, daktari. Halafu utueleze mmeacha nini humo ndani."

Daktari alisoma kwanza, ukurasa mzima, na hakucheka. Kisha akamwomba nesi amvue mgonjwa. Zipu iliteremka, mkono ukatolewa pole pole, na hata kabla nesi hajasema kitu mimi niliona. Mshono wa vazi ulikuwa umejichimbia juu ya kidonda kutoka kwapani kushuka, mfereji mwekundu, na katikati kidonda kilikuwa kimefunguka urefu wa kidole, kinavuja maji.

"Hili vazi limegeuzwa," daktari alisema. "Mishono yake inakaa nje makusudi, isiguse kidonda. Nani amekuvalisha hivi?"

"Mimi," mdogo mtu akasema haraka. "Nililivaa kwa haraka, sikuangalia."

Daktari akalichukua vazi, akaishika zipu, akaipindua.

"Na zipu je? Hii imefumuliwa ikatiwa upya. Na wewe mikono yako haifiki hata kichwani."

Inspekta alikuwa amesimama, mkoba kifuani.

"Hiyo zipu nimeitia mimi," akasema. "Yote mawili nimeyageuza mimi. Nilidhani mmekosea."

Daktari hakumfokea. Nafikiri angemfokea ingekuwa nafuu. Alieleza kwamba mkono wa kulia uko salama, lakini kidonda cha kushoto hakitashonwa tena, kitasafishwa kila siku na kuachwa kijifunge chenyewe kuanzia chini, wiki sita au zaidi, na kovu litakuwa pana. Tungechelewa siku chache, alisema, usaha ungeingia na tungekuwa tunaongea mambo mengine kuhusu mkono huu. Kisha akatoka kuandaa dawa.

Inspekta akakaa kitandani karibu na mdogo wake.

"Ulikuwa hujui linavyovaliwa?"

"Nilijua. Nesi alinieleza kabla sijatoka."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Siku tatu unaungua, unajua sababu, na umekaa kimya? Kwa nini hukuniambia?"

Mdogo mtu hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Ningekuambia ungesema wameniteka akili, nawatetea. Unanilisha, unaniogesha, siwezi hata kusimama peke yangu. Niliogopa uniweke na mimi kwenye hesabu ya watu usiowaamini."

Nilitazama pembeni, nikajifanya nasoma bango ukutani. Nilimwonea Inspekta huruma na hapo hapo nilimkasirikia, na mimi mwenyewe nilijikasirikia zaidi kwa kile kicheko.

Inspekta aliuweka mkoba sakafuni. Kisha akamshika mdogo wake mkono wa kulia, ule ambao daktari alisema uko salama.

"Na huu? Unauma?"

"Hauumi, dada."

Inspekta akamtazama usoni muda mrefu, asijue kama ameambiwa kweli.