Bibi Aliyeahidiwa Kiti cha Mbele

Wiki iliyopita tulimzika bibi mmoja wa Ngara ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wakamkumbuka, kwani niliwahi kumgusia hapa nilipoandika kuhusu mkutano wa bustani ya burudani. Ni yule aliyeahidiwa kiti cha mbele. Habari za kifo chake zilinikuta Biharamulo, fundi akiziba pancha ya pikipiki yangu, na kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Huzuni ilinipata baadaye, njiani. Mwanawe alinieleza kwa simu kwamba mama aliugua kifua kwa muda mfupi tu, na kwamba mazishi ni kesho yake. Nilitaka kumuuliza kama kile kitreni kilikuwa kimefika, nikajizuia, maana jibu nilikuwa nalo.

Kwa msomaji ambaye hakuwa nasi wakati ule, nieleze kidogo. Miaka michache iliyopita walikuja kijijini kwao watu wa kampuni moja, wamevaa vizibao vya kung'aa, wakatundika picha kubwa iliyochapwa kwenye turubai. Ilionyesha kilima cha pale kikiwa na reli iliyojikunjakunja kutoka juu hadi bondeni, na juu ya reli vigari vya rangi vilivyojaa watu wanaopiga mayowe huku wanacheka. Chombo chenyewe walikitaja kwa jina la Kiingereza ambalo nusu ya mkutano haikuweza kulitamka, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinakiita kitreni. Watu waliuliza habari za fidia, ajira na maji. Kisha bibi akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akauliza, "Mzee kama mimi ataruhusiwa kupanda?" Mkutano ukaangua kicheko. Msemaji wa kampuni, kijana mwenye sauti nzuri, naye alicheka, halafu akasema kwenye kipaza sauti, "Bibi, siku ya kwanza wewe utakaa kiti cha mbele." Tukapiga makofi. Kwa yule kijana lilikuwa neno la kuchangamsha mkutano, na nadhani alilisahau kabla gari lao halijafika barabara kubwa. Kwa bibi ilikuwa ahadi iliyotolewa hadharani, mbele ya mwenyekiti na majirani, na aliichukua hivyo.

Nilimfahamu kwa sababu ya ndizi. Kila nilipopita upande wa Mugoma nilisimama kibandani kwake, nikampa shikamoo yake, akaniitikia marahaba na kunichagulia mkungu. Siku moja baada ya mkutano ule nilimwambia waziwazi kwamba mimi naona kijiji kinahitaji maji kwanza, mambo ya kuteleza kwenye reli yangesubiri. Hakukasirika. Alinisimulia jinsi alivyovuka kutoka Burundi na wazazi wake akiwa msichana, kikapu cha mbegu za maharage kichwani, na jinsi kichwa hicho hakijapumzika tangu siku ile: maji, kuni, mikungu ya ndizi. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "milima hii nimeipanda na mzigo na nimeishuka na mzigo, magoti yanatetemeka. Nataka nishuke mara moja tu nimekaa, mikono mitupu." Maji aliyataka, aliongeza, lakini wote wanaopanda kule huja na vyandarua, dawa na mbegu, na hao wa kitreni walikuwa wa kwanza kuja na kitu cha kufurahisha tu. Akaniuliza sisi tukifurahi tutapungukiwa nini.

Wapimaji walipokuja walichomeka vigingi pembeni ya shamba lake la migomba, wakasema hapo patasimama nguzo ya kitreni na wenye mashamba wasipande kitu kipya. Majirani waliitikia, kisha wakaendelea kupanda kama kawaida yao. Yeye alichukua panga na jembe, akaikata migomba ya sehemu ile na kung'oa visiki vyake mpaka mizizi. Msomaji asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Huku ndugu wa tumbo moja wanaweza kununiana mwaka mzima kwa shina moja la mgomba, na mtu anayeng'oa migomba yenye afya huitiwa kikao. Aliitiwa kweli, akawajibu kwamba wageni wanakuja na hawezi kuwapokea porini. Wageni hawakuja. Kila msimu wa mvua alipalilia kile kipande kitupu ili majani yasikitawale, na kigingi cha wapimaji kilipooza, alichonga kingine akakichomeka palepale.

Nilifuatilia. Yule kijana msemaji wa kampuni alikuwa amehamia kazi nyingine, aliyemrithi akaniambia mradi uko hatua za mwisho, na wa tatu akaniuliza ni mradi gani. Turubai lao bado liko kando ya barabara, jua limefuta nyuso za wale abiria, watu hufungia mbuzi kwenye miguu yake. Nimechoka na maneno haya, mchakato, hatua za mwisho, hivi karibuni. Yanasemwa na vijana wenye miaka mingi mbele yao, wanaambiwa wazee ambao hawana miaka hiyo, na hakuna anayeona aibu. Mradi ukifa, tuambiwe umekufa. Mtu apande migomba yake.

Siku ya mazishi wanaume walizunguka shambani kutafuta mahali pa kuchimba. Kila walipopiga jembe walikuta mizizi. Mwanawe akasema, "Tumlaze pale alipopasafisha." Kaburi lilichimbwa upesi, maana udongo ulikuwa laini na haukuwa na hata jani. Kile kigingi alichokichonga bibi mwenyewe, mwanawe aliking'oa kwa mikono, akakiweka kando, na hakuna aliyeuliza atakipeleka wapi.

Siku moja huenda watakuja wengine na turubai jipya, pengine hata wakiwa na nia njema. Nawaomba wasimwahidi mtu yeyote kiti. Walete kwanza kitreni chenyewe, wakisimamishe tukione, ndipo waulize nani anataka kupanda. Mmoja wetu alitaka, akawaandalia mahali, akawasubiri. Tulimshusha kwa kamba, taratibu, mikono yake mitupu.