Nilimchapa mtoto kwa kukataa kung'oa mti, kisha nikamkana mbele ya kijiji

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wadogo zangu marahaba.

Hii siyo chai ya kutunga. Natamani ingekuwa chai. Majina nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka ile ya ruksa nilifundisha shule moja ya msingi huko upande wa Lagangabilili, enzi hizo Bariadi bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga.

Mnaokumbuka kipindi kile mnajua. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa pamba. Wanunuzi binafsi waliingia na malori yao, na walimu wakaanza kutoroka kwenda kuwapimia, maana mshahara ulikuwa unachelewa mpaka unausahau. Shuleni kwetu tulikuwa saba, tukabaki watatu.

Ndipo ukaja mradi wa miti. Wenye mradi walitaka watoto wajifunze miti nje, siyo ubaoni. Mwalimu mkuu akanikabidhi mimi hiyo kazi.

Niseme ukweli, niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Kila Ijumaa natoka na darasa la tano. Nawafunga macho kwa kitambaa, mtoto anapapasa gome, ananusa jani lililosuguliwa, anataja mti. Wengine wanahesabu viota, wengine wanapima urefu wa mti kwa kivuli chake. Hata wale watoro wa hesabu, siku ya Ijumaa wanawahi namba.

Bingwa wao alikuwa binti mmoja, tumwite Minza. Huyo hata kunusa hakuhitaji. Anagusa tu, anasema, "Huu mlama, mwalimu, ila mbuzi wameshautafuna." Ukiangalia unakuta kweli. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa mchungaji wa ng'ombe tangu utoto, nadhani alirithi kwake.

Sasa kwa wasiotoka Usukumani niwaeleze kitu kimoja. Kuna ngitili. Ni eneo linalofungwa mvua zikianza, mifugo haiingii na mtu hakati wala kung'oa kitu, ili nyasi na miti ipumzike. Kiangazi kikikaza ndiyo linafunguliwa kwa ndama na ng'ombe waliodhoofika. Ukivunja huo mwiko unaitwa mkutanoni na faini yako ni ng'ombe. Anachinjwa palepale, kijiji kizima kinamla.

Tukapata taarifa kwamba Jumanne wageni wa mradi wanakuja, watoto wapande miti mbele yao wapigwe picha. Miche tulikuwa nayo kwenye kitalu cha shule.

Jumamosi nikaenda kumwagilia, nikasahau kufunga lango. Mwalimu wa mazingira mzima, ninayewaimbisha watoto kila wiki kwamba mbuzi ni adui wa mche. Jumapili nakuta vijiti vitupu.

Hapo ningeweza kumwambia mwalimu mkuu ukweli. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba nikifanya vizuri nitapelekwa semina Mwanza.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. "Kesho kila mmoja aje na mche wenye mizizi. Sitaki kujua umeutoa wapi."

Minza akanyoosha kidole. "Mwalimu, miche ipo ngitili tu. Na ngitili imefungwa."

Alisema kweli. Kote tulipo ni mashamba ya pamba, huoni mti mchanga mpaka kwenye ngitili ya kijiji. Lakini mimi nilisikia dharau. Nikamwita mbele, nikamchapa fimbo mbili za mkononi. Nikamwambia kesho akija mikono mitupu asiingie darasani.

Jumanne alfajiri sungusungu wakamkamata anatoka ngitili na mche wa mgunga. Mizizi ameifunga kwenye kitambaa na udongo wake, vilevile nilivyowafundisha. Wenzake waliong'oa ovyo walikuwa wameshapita, hawakuonekana.

Wageni wakaja, wakafurahi, wakagawa tisheti, wakaondoka. Miche yote ilikauka ndani ya wiki mbili kwa sababu ilikatwa mzizi mkuu. Ripoti ilisema zoezi limefanikiwa, na ripoti niliandika mimi.

Alhamisi mkutano ukaitwa. Minza akasimamishwa katikati, ana miaka kumi na moja. Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza nani kamtuma.

"Mwalimu," akasema.

Watu wote wakanigeukia. Mwenyekiti akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mtoto anasema kweli?"

Wakuu, nilikuwa na muda wa kutosha kujibu. Hakuna aliyenikaba koo. Nikajibu, "Mimi nilisema walete miche kutoka nyumbani kwao. Ngitili sikuitaja."

Wenzake wakaangalia chini. Mwenyekiti akasema basi mtoto amemsingizia mwalimu wake, na hilo ni kosa la pili. Mzee Masanja hakubisha. Akatoa ng'ombe wake wa kulimia, msimu ndiyo umeanza. Ng'ombe akachinjwa, nyama ikagawanywa.

Mimi nilitengewa fungu la mwalimu. Nikalipokea. Nikala.

Ijumaa iliyofuata tukatoka nje kama kawaida. Nikamfunga Minza kitambaa, nikamsogeza kwenye mkwaju, mti ambao hata mtoto wa chekechea anaujua. Akaushika muda mrefu.

"Sijui, mwalimu."

Akawa hajui mti hata mmoja mpaka alipomaliza la saba. Sikumuuliza sababu, maana nilijua kwa nini hajui.

Baada ya kustaafu nikajikaza, nikaenda kwa Mzee Masanja kuungama. Nilijiandaa kutukanwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole:

"Mwalimu, mimi na mwenyekiti tulijua siku ileile. Ng'wanone, yaani mwanangu yule, hajawahi kunidanganya."

Nikamuuliza sasa kwa nini walikubali.

"Mlibaki watatu. Tungekuaibisha ungeondoka ukapime pamba kama wenzako, na watoto wa kijiji wangefundishwa na nani? Tukaona heri tukose ng'ombe."

Nikauliza, na Minza?

"Hatukumwambia mpaka leo kwamba tulimwamini. Mtoto akishajua hata wazee wanamwona mwalimu wake muongo, atasomaje?" Akaongeza, "Siyo mimi wa kuombwa samahani. Mfuate yeye."

Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri humu. Mimi nilidhani nimewadanganya, kumbe walinibeba. Walimtoa mtoto wao ili mimi nibaki, na mimi nikatembea kijiji kile kifua mbele miaka yote hiyo.

Nikaenda Lamadi, Minza anakouza dagaa. Kabla sijafungua mdomo akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," akanifutia kiti kwa khanga yake. Akanipimia dagaa na nyongeza juu. Akawaambia majirani zake sokoni, "Huyu ndiye aliyenifundisha." Sijui alikuwa anamaanisha nini, na sikuuliza. Nikachukua mfuko nikaondoka bila kusema nililoendea.

Somo nililopata ni dogo, hata halihitaji mwalimu mstaafu. Tunawatoa watoto nje wakajue miti, lakini wanachotazama zaidi ni sisi. Nilitaka waijue ngitili kwa kunusa majani, na yule mmoja aliyekuwa anaiheshimu nikamfundisha kwamba ukisema kweli unaadhibiwa. Mnaofundisha mazingira sasa hivi, mtoto akikwambia "hapa hatuchukui mche", msikilize kabla hujatafuta fimbo.

Lakini hilo silo lililonifanya nilete uzi.

Mzee Masanja amefariki mwezi uliopita. Nilikwenda kuzika. Mwenyekiti wa mkutano ule alishatangulia siku nyingi. Minza alipita mbele kutupa udongo kwenye kaburi la baba yake, akiamini mpaka leo kwamba siku ile baba alimwona muongo. Anayejua kwamba alimwamini nimebaki mimi peke yangu, na nilisimama hatua tano kutoka kwake, nikanyamaza tena.

Karibuni mchangie, hata wa kunisema mseme. Ila mwenye hekima anisaidie hili moja: nikifika pale kwenye dagaa wake, neno la kwanza naanzaje?