Kurasa Nilizogandisha

Leo msichana wa Form Two ameniomba msamaha, na mkosaji ni mimi.

Mnajua nafundisha palepale tuliposoma. Riwaya ikiwa na "mambo mabaya", naagizwa nigandishe kurasa hizo kabla wasichana hawajaisoma.

Nagandisha.

Hata sisi miaka ya tisini tuligandishiwa, lakini kwa uji wa ngano. Mvuke wa chai ulitosha kuzifungua, mnakumbuka?

Kwenye ukurasa mmoja wa riwaya tuliyogandishiwa, msichana anaeleza kwa nini anaogopa likizo: ni mjomba wake. Pembeni niliandika kwa penseli, "Hata mimi."

Baada ya wiki nikakuta mwandiko mwingine chini yake. "Hata mimi."

Sikuwahi kumjua. Ndiye aliyenifikisha Form Four.

Mwaka huu nilinunua gundi kali pale sokoni Gakoromone. Hiyo haisikii mvuke.

Leo Kendi, huyo wa Form Two, ameniletea kitabu hichohicho. Ukurasa ule umeraruka, hausomeki hata neno.

"Pole, Madam. Nilijaribu kuufungua."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Niliambiwa humo ndani kuna mtu kama mimi."

Jameni, mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake.

Nikamwambia arudi darasani.

Nitukaneni.