Miguu ya Mama na Tebo ya Saba

Mama yangu alikuwa na miguu isiyokubali kupumzika. Mchana ilimtii shambani kwetu Mlali, kwenye karanga na mtama, lakini jioni akijinyoosha tu mkekani, ilianza. Alisema ni kama sisimizi wanaotembea ndani ya mifupa. Dawa yake ilikuwa mimi. Alilala kifudifudi, nami nikapanda juu ya mashavu ya miguu yake na kuyakanyaga polepole, nikishika ukuta nisianguke. Ili nisichoke, aliniambia nikariri tebo za shule, zile za kuzidisha. Nikimaliza tebo ya saba, alikuwa ameshaanza kukoroma, nikashuka kwenda kucheza. Ndiyo maana mpaka leo tebo ya nane inanipiga chenga. Mwalimu alinichapa kwa hilo, na sikumwambia Mama.

Natamani hata jioni moja kama zile, na khanga yake ikinukia karanga mbichi.

Nilipopata kazi Dodoma na kujenga Nzuguni, nikawa mtu wa mambo mengi. Mama aliponiambia kwenye simu kwamba halali, sikwenda. Nilinunua duka la dawa vile vidonge vya aleji ambavyo nusu ya mtaa wetu humeza ili wapate usingizi, nikampa kondakta wa basi la kwetu mfuko ampelekee. Wiki iliyofuata nikampigia.

"Shikamoo Mama. Vidonge vipi?"

"Marahaba. Vinanisaidia, mwanangu. Asante."

Baadaye jirani yake akanidokeza kwamba kila jioni Mama anazunguka nyumba, mpaka ameshatengeneza njia kwenye vumbi. Nikampigia tena nikamwambia, kwa ukali kidogo, ameze viwili badala ya kimoja. Akaitikia. Hakuwa mtu wa kukataa kitu cha mwanawe.

Mama hayupo tena, na sasa sisimizi wake wamehamia kwangu. Nilimeza vidonge vilevile, miguu ikacheza maradufu. Nikarudi dukani kulalamika. Muuzaji, binti mpole, alinihoji kwanza.

"Mama, kama shida ni miguu, hivi viache. Kuna watu vinawazidishia. Nenda hospitali wakupime damu, pengine umepungukiwa madini ya chuma."

"Vinawazidishia tangu lini?" nikamfokea, kana kwamba ni yeye aliyempa kondakta ule mfuko. Kisha nikaona aibu, nikamwomba radhi.

Jioni ile binti yangu, aliyekuwa likizo ya chuo, alinikuta nazunguka meza ya sebuleni. Nikamsimulia habari za tebo, ila za vidonge nikazimeza. Akacheka, akatandika mkeka, akavua ndala.

"Lala, Mama."

Kwa uzito wake alikanyaga kwa mguu mmoja mmoja, kwa tahadhari, akikariri tebo. Miguu ikaanza kutulia. Alipofika saba mara saba akasikia nalia, akashuka haraka.

"Nimekuumiza?"

Nikamwambia ndiyo, amekanyaga vibaya.