Kamba za Ukutani kwa Shemeji

Wasichana huja siku hizi na madaftari yao kuniuliza nilianzaje kujitegemea kwa cherehani. Wanataka niwaambie habari za mtaji na subira. Mimi huwaambia ukweli: nilianza kwa chuki. Wanacheka, wanadhani ni utani wa wazee, na kalamu zinabaki hewani.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa fundi mzuri na mtu mbaya, na watu wa Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani, walimsamehe la pili kwa sababu ya la kwanza. Mimi sikumsamehe. Kabla ya vita nilishona miaka sita katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na hakuna mteja aliyewahi kuambiwa kwamba gauni lake limepita mikononi mwangu. Likitoka zuri, fundi alikuwa yeye. Likiwa na kasoro, "ni huyu bibi wa mudogo wangu."

Katika familia yetu kipimo hakikuandikwa. Kila mteja alikuwa na kamba yake ya pamba, nyeupe. Fundo moja lilikuwa bega, mafundo mawili yaliyobanana ni mkono, matatu ni kifua, manne ni kiuno, na ncha ya kamba ndiyo urefu wa gauni. Kwenye ncha hiyo tulishonea kipande cha kitambaa cha kwanza alicholeta mwenyewe, ndivyo tulivyojua kamba ya nani ni ipi. Mteja, awe wa Kamembe au wa Bukavu ng'ambo ya mto, akishapimwa mara moja, alituma kitambaa tu. Kamba zilining'inia kwenye misumari ukutani mwa shemeji, safu juu ya safu.

Sasa, shemeji alikuwa mtu wa dini, hakugusa mwanamke asiye wake. Kamba zote za wanawake nilizifunga mimi. Hata ya mkewe niliifunga mimi, ingawa huyo alikuwa halali yake kumpima asubuhi na jioni.

Mwaka wa mauaji ya kimbari sitausimulia hapa. Si wa kusimuliwa katikati ya habari za magauni. Nitasema tu kwamba ulipofika wakati wa kukimbia tulivuka daraja la Rusizi pamoja na umati kwenda Bukavu, shemeji akiwa amebeba kichwa cha cherehani begani. Mimi nilizishusha kamba zote misumarini, nikazifunga kiunoni chini ya kitenge. Alizigundua pale kwenye mteremko wa daraja, akanipigia kelele mbele za watu.

"Bengine banabeba sufuria, wewe unabeba bikamba! Tutapika kamba?"

Kule cherehani iliuzwa, ikaliwa. Mume wangu alikwenda upande wa Uvira kutafuta kazi, na vita vya kwanza vya Zaire vilipoanza barua zake zikakoma. Mpaka leo sijui niitwe mke au mjane. Tuliporudi Kamembe, shemeji alikuta nyumba haina paa wala mlango. Aliniambia nikae nisubiri, akipata mashine nyingine atanirudisha kwenye chumba changu cha nyuma. Alisema kama mtu anayeahidi zawadi.

Sikusubiri. Nilikodi cherehani kwa mjane mmoja, nikakaa kwenye baraza ya shangazi yangu nyuma ya soko, nikapigilia misumari yangu mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja Mkristo wa Bukavu aliyevuka daraja karibu kila siku na furushi la vitenge kuja kuuza kwetu. Kamba yake nilikuwa nayo. Nilimwambia, "Maman, waambie wenzako wa kule: kamba zao hazikupotea."

Hilo ndilo lililonitajirisha. Mafundi wenzangu walikaa wakingoja miili ije kupimwa, na miili ilikuwa inaogopa vizuizi, foleni na maswali ya mpakani. Mimi nilikuwa na miili ya nusu ya Bukavu kwenye misumari. Jumatatu kitambaa kinakuja kwenye furushi la yule mama, Ijumaa gauni linarudi, na mwenyewe hajakanyaga daraja. Nilirudisha cherehani ya mjane nikanunua yangu, kisha ya pili, nikaajiri wanawake wawili. Kwa mara ya kwanza watu walisimama kwenye baraza na kuuliza, "Fundi yuko?" nami nikajibu, "Ndiye mimi."

Katika kamba zile kulikuwa na za watu ambao hawatashonewa tena. Hizo nilizifunga kitambaa cheusi nikaziacha mahali pake.

Vita vilifunga mpaka, vikaufungua, vikaufunga tena. Ulipofunguka mara hiyo nyingine, yule mama alikuja na kitambaa kimoja cha mabaya tisa. Libaya ni ile blauzi wamama wa Bukavu wanayovaa na kitenge. Kulikuwa na harusi, na wanawake tisa wa kwaya walitaka kuvaa sare. Nilichukua kamba tisa, nikakata, nikashona, na nilijivunia kila mshono. Wiki iliyofuata furushi lile lilitua juu ya meza yangu kwa kishindo.

"Hii libaya ulishona ya miye na nani?" yule mama akaniuliza. Hakunisalimu. "Tuko babili ndani? Tuliingia mu kanisa na mapini mugongoni. Batu banacheka mupaka padri anacheka!"

"Nimefuata kamba yako."

"Kamba! Kamba yako ilikimbia mu pori? Kamba yako ilikula majani ya sombe bila mafuta miezi tatu?"

Nami, badala ya kunyamaza, nikamjibu vibaya. Nilimwambia angesema mapema kwamba amekonda.

"Muntu anatumaka kitenge na barua, 'nimekonda'?" akasema. "Unanichekelea, maman. Ulikaa huku na mabati juu ya kichwa, unanichekelea."

Nilimvuta nikampima palepale barazani. Kamba ilimzunguka kifua na fundo likapita vidole vinne. Nikazungusha kiunoni, ikapita kiganja kizima. Nikaanza kulia, na yule mama akadhani ni huruma. Ilikuwa hasira. Nilikasirika kwamba ufundi wangu wote, zile kamba nilizozibeba kama dhahabu, ulikuwa umenidanganya, na mimi nimewadanganya watu. Huruma ilinijia baadaye, njiani.

Maana nilivuka mwenyewe. Nilinunua kwa wavuvi wa Nkanka uzi wa kushonea nyavu, ule wa kijani usiovutika, nikaenda kukaa siku tatu nyumbani kwa yule mama, nikampima kila mwanamke upya. Hakuna aliyekuwa vilevile. Wengine waliinua mikono wakatazama pembeni nilipowazungushia uzi, na mimi pia nilitazama pembeni. Mabaya tisa niliyafumua nikayashona tena bila malipo. Toka siku hiyo sheria yangu ikawa moja: kila vita vikipita, napima tena, wa kule na wa kwetu. Zile nyuzi za kijani nilizitundika nyuma ya mlango. Nyeupe ziliendelea kukaa ukutani kwa sababu sikuwa na moyo wa kuzitupa. Ndivyo wamama wale walivyokuwa kabla.

Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji alipata mashine, akasikia jinsi ninavyosifiwa mpaka ng'ambo, akaja Ijumaa moja baada ya sala na wazee watatu wa familia. Walikaa kwenye viti vya wateja wangu. Yeye alibaki amesimama, anatazama ukuta.

"Bazee, hizi kamba zilitoka ku ukuta wangu," akasema. "Zirudi ku ukuta wangu. Na shemegi pia arudi ku chumba yake. Muke hakai barazani sawa na mwanaume."

"Haya mafundo yalifungwa na mikono ya nani?" nikauliza.

"Chini ya dari ya nani?" akajibu.

Walijadiliana kwa muda mrefu, nami nikiwa nimesimama kwangu mwenyewe kama mshitakiwa. Mwishowe yule mkubwa wao akakohoa. Alisema kuhusu mimi hawana neno, hakuna anayejua kama mume yuko hai, kwa hiyo hakuna wa kuniamuru. Lakini kilichotoka ukutani kwa mtu kirudi ukutani kwake. Kamba ni zake.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Matusi niliyokuwa nayo siku ile yangetosha mtaa mzima. Ndipo nikaona shemeji anatazama nini. Alikuwa anatazama zile nyeupe. Nyuzi za kijani nyuma ya mlango alizipita kwa macho kama mtu anayepita nyavu za wavuvi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpima mwanamke, angejuaje kwamba mwanamke anaweza kupungua?

"Uko na neno, maman?" mzee akaniuliza.

"Hapana, mzee. Achukue."

Niliomba kitu kimoja tu, zile zenye kitambaa cheusi zibaki. Shemeji akataka kubisha hata hapo. Mzee alimkata jicho, zikabaki. Nyingine zote nilizishusha mwenyewe, moja moja, nikamjazia kwenye mfuko. Nilimsaidia hata kufunga.

Alitangaza soko zima kwamba kamba zimerudi kwa mwenyewe. Baadhi ya wateja wa Kamembe walimfuata kwa sababu ya jina lake la zamani, na Idd ilikuwa karibu. Siku ya Idd niliyaona magauni yake yakipita mbele ya baraza yetu, mabega yameshuka mpaka kwenye viwiko, wenyewe wanayashika kiunoni kwa mkono mmoja ili yasiwavuke. Nilifurahi. Nimezeeka, sina haja ya kusema uongo: nilikaa kwenye kiti changu nikafurahi mpaka mbavu zikaniuma.

Siku ya tatu mke wa shemeji alikuja.

Hatukuwa maadui wala marafiki. Kabla ya vita alikuwa mwanamke mnene wa kupendeza, mwenye kucheka kwa sauti. Kule ukimbizini watoto wake wawili walifia hemani kwa wiki moja, na mwili wake ukaenda nao. Alikuwa amevaa gauni jipya la Idd, kitambaa kizuri cha bluu, na lilimning'inia kama limeanikwa. Kamba yake ilikuwa kati ya zile nyeupe. Nilipojaza ule mfuko nikitabasamu sikumkumbuka hata kidogo.

"Aliniambia nisimame aone," akasema. "Akazunguka, akazunguka. Akasema kamba haidanganyi, ni miye nimeharibika. Akasema ninafunga njaa makusudi, batu baseme hanilishi." Alishika kitambaa cha kiunoni, akakivuta mbali na tumbo lake. "Miaka ine toka nizike batoto tunalala nyumba moja. Alijua nimekonda siku ya Idd, juu ya hii gauni."

Niliona aibu. Nilimtegea mume mtego, akanaswa mke, na mimi ndiye niliyekaa nikinyamaza mbele ya wazee. Nilimwambia. Nilimweleza yote, kwamba nilijua, kwamba niliziacha ziende. Hakuonekana kushangaa.

"Basi vua nikupunguzie," nikasema, nikachukua pini.

"Usiguse." Akanisogezea mkono kando. "Nitaivaa hivi hivi."

Alilivaa. Kila Ijumaa, wakati wanaume wanatoka msikitini, alipita katikati ya soko na gauni lile la bluu limemvaa yeye badala ya yeye kulivaa, polepole, akimsalimia kila mtu. Akiulizwa fundi ni nani, alimtaja mumewe kwa adabu zote. Wanawake walielewa Ijumaa ya kwanza. Wanaume iliwachukua mpaka ya tatu, na baada ya hapo shemeji alianza kusali nyumbani.

Akaja kwangu, safari hii bila wazee. Gauni lilikuwa kwapani limekunjwa, sijui alilipata vipi.

"Ipunguze," akasema.

"Kwa kipimo gani?"

"Si unajua kazi yako?"

"Mimi napima muntu, sipimi nguo. Mulete."

"Hataki kuja." Alisema akitazama cherehani zangu, zilikuwa tatu wakati huo.

Nilikata uzi wa kijani, urefu wa gauni na zaidi kidogo, nikamtupia mezani. "Basi kampime wewe. Ni mke wako, dini inakuruhusu. Fundo moja bega, mawili mkono, matatu kifua, manne kiuno. Nani hajui?"

Aliuchukua. Siku mbili zilipita. Nilizitumia kutayarisha maneno, maana nilijua atarudi, na nilikuwa na miaka sita ya chumba cha nyuma ya kumrudishia, pamoja na daraja, pamoja na viti vya wateja wangu walivyokalia wazee. Niliyapanga vizuri nikikanyaga mashine.

Alirudi asubuhi ya siku ya tatu, akaweka mezani ule mfuko wa kamba nyeupe, wote, na juu yake uzi wa kijani. Niliuvuta katikati ya vidole vyangu kutoka ncha hadi ncha. Haukuwa na fundo hata moja.

"Amekataa nimuguse," akasema.

Akasimama pale mbele yangu, mikono imemlegea, akingoja nimtukane. Wale wanawake wawili waliacha kushona wakanitazama. Nilitafuta la kwanza katika yale maneno yangu yote, sikuliona. Nikamwambia aende, nina kazi.