Siku Gety Ilipokaa Kimya

Ketsia, mzaliwa wa mtaa wa Saio, anatunza programu ya Python ya chama cha wasafirishaji hapa Bunia. Mfanyabiashara anatuma jina la barabara kwa simu. Programu inamjibu kama njia iko wazi. Aliyeiandika alihama, akaacha kipande kile kile cha programu kimerudiwa kwa kila barabara, na majina kama x na x2. Mimi huita huo uvivu, hata kama programu inafanya kazi.

Asubuhi moja Ketsia alikuwa akiviunganisha vipande hivyo kuwa kimoja chenye jina linalosomeka: hali_ya_njia. Cha barabara ya Gety kilikataa kufanana na vingine. Kwingine kote, habari ikikosekana, jibu lilikuwa "hatujui". Kwa Gety lilikuwa "njia iko wazi". Mtu alikuwa amehesabu kimya kuwa amani.

Na Gety ilikuwa kimya tangu alfajiri: mtu wetu wa huko hakuwa ametuma habari. Nje, wanawake walikuwa wanapanda juu ya magunia kwenye lori, tayari kwenda soko la huko.

"Chef, programu iko inadanganya watu," alimwambia Emery, mkuu wake. "Niache nirekebishe sasa."

"Nilikuambia usafishe, hapana kubadilisha majibu. Ungoje comité ya lundi."

Emery alikuwa na haki kumtaka angoje kikao cha Jumatatu: anayesafisha programu hagusi majibu yake.

"Kamyo itatoka mbele ya lundi, chef."

Ketsia akabadilisha, akajaribu, akatuma. Alivunja amri, na simsifu kwa hilo. Namsifu kwa kuwa aliandika jina lake juu ya badiliko.

Mama Valérie, mwenye maharagwe, aliingia na simu mkononi. "Ni weye unafunga barabara? Hata waasi hawajafunga!"

"Sijafunga, mama. Nasema hatujui."

"Hatujui, hatujui! Batoto yangu itakula hiyo hatujui?"

Lakini magunia yalishushwa.

Jioni mtu wa Gety akapiga: simu yake ilikosa moto wa betri tu, njia ilikuwa salama. Soko la siku hiyo lilikuwa limepotea.

"Rudisha ya zamani," Emery akasema.

"Andika weye mwenyewe, chef. Kwa jina yako."

Emery akaketi. Sasa mstari ulisomeka na yeyote. Akausoma kwa sauti kama ambavyo angeuandika: "Habari ikikosekana, njia iko wazi." Vidole vyake vikabaki juu ya vibonyezo.

"Iache," akasema, akainuka.